Shajara ya mradi: detekta ya dhahabu kwa ardhi yenye chuma ya Chunya

Machi

Kabla ya kushika kifaa cha kulehemu nimetaka kusikia kwanza. Watu wanaotembea na detekta huku Chunya, kuanzia Makongolosi hadi Matundasi na Itumbi, si wagumu kusema ukiwakuta kivulini saa ya jua kali. Swali langu ni moja tu: mashine yako ungeibadilisha nini?

Karibu wote wanaanza na kina. "Fundi, nataka iende chini zaidi." Ukikaa nao mpaka chai iishe, yanatoka mengine. Mkono unauma ikifika mchana. Waya wa koili (lile duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi) umekatikia shingoni mwa plagi na hakuna wa kuufungua. Betri ikifa lazima uagize nje. Penye vijiwe vyekundu inalia ovyo hadi mtu anaishusha nguvu, kisha anapita juu ya dhahabu bila kujua. Simu ikiita mfukoni nayo inalia.

Nimeyaandika yote kwenye daftari, na nimeona kwamba malalamiko ya kelele ni mengi kuliko ya kina, ila watu hawayaiti kwa jina hilo. Wanasema mashine "inasumbua", au "haieleweki".

Hesabu ya kina inafaa iwekwe hapa mapema, kwa sababu ndiyo itakayoongoza kazi yote. Kwa makadirio, punje ndogo ikiwa mbali na koili, uga wa sumaku wa koili unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali ukishuka, na jibu la punje linapungua vivyo hivyo likipanda. Jumla ni kipeo cha sita. Ukitaka punje ileile isikike kwenye kina mara mbili, unahitaji ishara mara 64. Ukiongeza mkondo wa koili mara mbili, kina kinaongezeka kwa asilimia 12 tu: sentimita 20 zinakuwa 22 na ushei. Tena ukiongeza mkondo, ardhi nayo inajibu kwa sauti kubwa zaidi, kwa hiyo kwenye udongo wa chuma hata hizo mbili huzipati. Kelele ya ardhi, kwa upande mwingine, inaweza kuzidi kelele ya saketi yenyewe mara kumi na zaidi. Hiyo ukiishusha mara kumi, kina kinaongezeka karibu nusu. Mkondo mara kumi hauwezekani kwa betri ya kubeba mkononi. Kelele kushuka mara kumi inawezekana.

Basi lengo ni hili: detekta ya mapigo (inayotuma umeme kwa vipindi vifupi na kusikiliza katikati yake), tulivu kwenye ardhi nyekundu, inayosikia vipande vidogo karibu na uso wa ardhi, isiyozidi kilo mbili, inayotumia betri za kawaida, na inayoweza kufunguliwa na fundi redio yeyote Mbeya au Chunya mjini.

Machi, mwishoni

Nimeulizwa kwa nini sitengenezi ile ya mawimbi ya mfululizo, ambayo saketi yake ni nyepesi na umeme wake ni mdogo. Mashine za aina hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu ni nzuri kweli: Fisher Gold Bug 2 inafanya kazi kwa kilohezi 71, Minelab Gold Monster 1000 kwa 45, na masafa hayo ya juu yanasikia dhahabu ndogo sana. Ila zinatuma na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo udongo wenye magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) unajibu papo hapo na kuizamisha punje.

Mfumo wa mapigo unapishanisha. Koili inapewa umeme kwa muda mfupi, tuseme mikrosekunde 200 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), halafu umeme unakatwa ghafla. Kitu chochote cha metali kilicho chini kinabaki na mkondo unaozunguka ndani yake na kufifia, na koili ileile inakaa kimya kuusikiliza. Ugumu uko kwenye huo ukimya. Umeme ukikatwa, koili inarusha volti mia kadhaa, na mpaka zitulie husikii kitu. Dhahabu ya gramu tano inafifia taratibu na itakusubiri. Punje ya robo gramu inafifia ndani ya mikrosekunde chache. Ukichelewa, imeshanyamaza.

Tahadhari kwa atakayejaribu: volti hizo ni za kuheshimu. Usiguse ncha za koili saketi ikiwa imewashwa.

Aprili

Mwezi mzima umekwenda kwenye koili, na sioni kama ni mwingi.

Koili ya kwanza niliizungusha kwa kawaida: waya wa shaba wenye enameli, mizunguko 21 iliyofungwa fungu moja, kipenyo inchi 11. Mita ilisoma karibu mikrohenri 290 (kipimo cha jinsi koili inavyopinga mkondo kubadilika). Ilifanya kazi, lakini kwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) haikutulia kabla ya mikrosekunde 13 hivi. Kwa vipande vikubwa inatosha. Kwa vile vinavyopatikana siku nyingi hapa, haitoshi.

Kinachochelewesha ni uwezo wa koili kujikusanyia chaji penye nafasi nyembamba: waya dhidi ya waya, waya dhidi ya kinga yake, kebo, na transista yenyewe. Kila mahali pana pikofaradi zake (ndicho kipimo cha uwezo huo) na zote zinajumlishwa. Nimeshughulikia moja baada ya nyingine.

Waya: nimeacha enameli na kutumia waya wa nyuzi wenye gamba la Tefloni, kwa sababu gamba nene linatenganisha mizunguko. Badala ya fungu, nimeulaza bapa kama mkeka unaosukwa kutoka nje kwenda ndani, mzunguko mmoja kando ya mwenzake na nafasi ndogo katikati. Hii pekee imebadilisha mengi.

Kinga: bila kinga, koili ikigusa nyasi zenye umande inalia, maana maji yanabadilisha chaji yake. Wengi wanafunika kwa karatasi ya alumini. Shida ni kwamba alumini nayo ni metali, na kwenye mikrosekunde za mwanzo kabisa, zile ninazozitafuta, inajibu yenyewe. Nimetumia unga wa grafaiti uliochanganywa na rangi ya ukutani, na chini yake tabaka la sponji ngumu ili kinga isikaribie waya. Grafaiti inapitisha umeme kiasi cha kuondoa chaji lakini haitoshi kujifanya shabaha.

Transista: IRF740 ni imara na inapatikana, ila ikiwa imezimwa bado inabeba pikofaradi nyingi. Dayodi ya kasi ikiwekwa mfululizo nayo inazikata zisionekane kwa koili. Ni kipande cha bei ndogo, na sielewi kwa nini michoro mingi haina.

Kebo: fupi iwezekanavyo. Kila mita ya kebo ya antena ya omu 50 ina pikofaradi karibu 100.

Mwisho ni rezista ya kutuliza. Koili ya kwanza ilitaka omu 360 hivi. Hii mpya imekubali 510 bila kuyumba, na hiyo ni ishara kwamba chaji ya ziada imepungua kwa nusu. Sasa ninaweza kusikiliza kuanzia mikrosekunde 8.

Nimepima kwa vipande vya chubwi la risasi la kuvulia samaki vilivyokatwa kwa wembe na kupimwa kwenye mizani ya sonara. Risasi inajibu karibu na dhahabu kwenye ukubwa huu, na ukiipoteza huumii. Kipande cha gramu 0.2 kilichokuwa hakisikiki zaidi ya sentimita 4 sasa kinasikika vizuri kwenye 8. Hakuna nguvu iliyoongezwa hata kidogo.

Aprili, nyongeza

Plagi. Nimechagua ya maikrofoni, ile ya pini tatu inayouzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki vya makanisani. Inajifunga, inafunguka kwa bisibisi, na mtu akikata waya shambani, jioni anaweza kulehemu mwenyewe. Shingo ya koili nimeipa mpira mrefu ili kebo isikunjike sehemu moja. Chini ya koili nimeweka kipande cha mfuniko wa ndoo kama kiatu, kikilika kinabadilishwa.

Mei

Ardhi.

Wanaochimba Kanda ya Ziwa wanaijua hali hii vizuri zaidi: Geita dhahabu yenyewe imelala ndani ya miamba ya chuma yenye matabaka. Huku kwetu kwenye uwanda wa Lupa dhahabu nyingi imetoka kwenye mishipa ya kwatzi, na ile ya juu juu imesambaa kwenye udongo baada ya miamba kumomonyoka, lakini juu yake pana udongo mwekundu na changarawe za chuma. Ndani ya udongo huo kuna maghemaiti, madini mengine ya chuma yenye sumaku, ya chembe ndogo mno. Pigo likikatwa, chembe hizo hazirudi kwenye hali yake mara moja. Zinakawia, na ishara yake inashuka kwa kinyume cha muda: muda ukizidi mara mbili, ishara inabaki nusu.

Tabia hiyo inayoeleweka ndiyo inayotusaidia. Ukichukua sampuli moja ya ishara mapema na nyingine baadaye, ukaikuza ya pili kwa kiasi kinachofaa na kuitoa kwenye ya kwanza, ardhi inakuwa sifuri. Metali haishuki kwa mwendo huo, kwa hiyo inabaki. Nimeweka kitasa kimoja cha kurekebisha kiasi hicho. Unainua na kushusha koili, unazungusha mpaka mlio usibadilike.

Ila utoaji huo una gharama yake. Kuna ukubwa fulani wa dhahabu ambao mfifio wake, kwa sampuli hizo mbili, unafanana na wa ardhi. Huo unafutwa pamoja nayo. Mafundi wanaliita shimo, na kila detekta ya mapigo inayosawazisha ardhi kwa njia hii inalo mahali. Mtu anaweza kupita juu ya kipande kizuri na mashine ikakaa kimya kabisa, huku kidogo na kikubwa kuliko hicho vyote vikilia.

Dawa iliyojulikana ni kutumia mapigo ya urefu tofauti. Kampuni ya Minelab ya Adelaide, kwa kazi ya mvumbuzi wake Bruce Candy, ilitoka na mbinu hiyo kwenye detekta ya SD2000 mwaka 1995, na ndiyo iliyofungua ardhi za Australia ambazo mashine za awali zilishindwa. Mimi nimefanya kwa njia nyepesi zaidi: pigo refu na pigo fupi yanapishana, kila moja na sampuli zake. Shimo la moja halikai mahali pa shimo la mwenzake. Ishara yoyote inayotoka upande mmoja tu inapelekwa kwenye spika vilevile.

Kuna sampuli nyingine ya mwisho, mbali sana na pigo, ambayo kazi yake ni kupima tu kinachotokana na koili kutembea ndani ya sumaku ya dunia, ili kitolewe. Bila hiyo mlio unapanda na kushuka kila mkono unapogeuka. Baada ya kuiongeza, mlio wa chini umekuwa tambarare. Nimekaa nao muda mrefu nikiusikiliza tu.

Juni

Mvua zimekwisha, nyasi zimekauka. Mzee mmoja mwenye leseni ya uchimbaji mdogo ameniruhusu nijaribu kwenye eneo lake, kwa makubaliano kwamba kitakachopatikana ni chake na kitauzwa soko la madini kama kawaida. Ninataka wanaosoma hapa walielewe hili: detekta haikupi haki juu ya ardhi ya mtu. Omba, kubalianeni, na fukia kila shimo. Ng'ombe wanapita huku.

Eneo lenyewe lilichimbwa tangu enzi za wakoloni, wakati Lupa ilipojaa wachimbaji kwenye miaka ya 1930. Wameacha misumari, makopo, vipande vya mabati. Juu yake pana vifuniko vya soda vya jana na juzi, na chembe za chuma zinazodondoka kwenye nyundo za karasha.

Mzee ameuliza baada ya salamu: "Sasa fundi, hii itanitenganishia chuma na dhahabu?"

"Hapana mzee. Hii inasema kuna kitu. Kuchimba ni kwetu."

Hakufurahi, na namwelewa. Kutenganisha chuma ndilo ombi la pili kwa wingi kwenye daftari langu. Nimeamua kutoliweka, na sababu ni hii: kwenye mfumo wa mapigo, chuma kidogo na dhahabu vinafanana mno, na kipande kikubwa cha dhahabu kikikaa vibaya kinaweza kusomeka kama chuma. Mashine ikikudanganya mara moja kwa kipande cha gramu 30, muda wote iliokuokolea kwenye misumari haufidii. Badala yake tumefunga sumaku ya spika kuukuu nyuma ya sururu. Ukichota udongo, msumari unajileta wenyewe.

Matokeo: kwenye changarawe nyekundu mlio umetulia kwa kiasi ambacho sikukitegemea mapema hivi. Mawe machache meusi yenye chuma kingi bado yanalia, lakini yanalia kwa sauti pana inayoanza na kuisha polepole, na sikio linajifunza. Tumepata vipande viwili vidogo kwenye mkondo mkavu, vyote kwenye kina kisichozidi kiganja. Mzee amevipima mwenyewe.

Jiwe la kwatzi lenye dhahabu iliyosambaa ndani, ambalo mzee alilitoa nyumbani ili tujaribu, halikusikika hata likigusa koili. Dhahabu ipo, inaonekana kwa macho, lakini chembe zake hazijaungana, na mkondo hauna pa kuzunguka. Hili halijatatuliwa, na kwa mfumo huu sidhani litatatuliwa.

Juni, mwishoni

Umeme. Nguzo zimefika vijiji vingi, na karasha zina mota. Karibu nazo mlio unatetemeka. Nimeongeza kitasa kidogo kinachohamisha kasi ya mapigo juu au chini kidogo, ili yasigongane na marudufu ya hezi 50 za umeme wa nguzo. Unazungusha taratibu mpaka mtetemo upungue. Mashine za kisasa zinafanya hivyo kwa kitufe, zenyewe. Mimi ninapenda kitasa, kwa sababu hali inabadilika mota ikiwashwa na mkono unajua pa kurudi.

Simu izimwe, au ikae mbali.

Julai

Uzito. Minelab GPZ 7000 ya mwaka 2015 ina kilo 3.3 hivi. GPX 6000 iliyotoka 2021 ilishuka hadi kilo 2.1, na watu waliohama kutoka moja kwenda nyingine huzungumzia mkono wao kabla ya kuzungumzia dhahabu. GPX 5000 ya zamani betri yake huvaliwa mgongoni na waya unapita begani. Hayo yote yananiambia kwamba uzito si jambo la starehe. Mtu aliyechoka anainua koili, na sentimita tano za hewa chini ya koili ni sentimita tano ulizozitoa kwenye kina.

Fimbo ya chini haitakiwi kuwa na metali. Bomba la plastiki linapinda. Nimejaribu mwanzi uliokauka vizuri na kupakwa vanishi, na kwa uzito wake sijapata kitu kigumu kama huo. Betri nimeiweka nyuma ya kiwiko ili isawazishe koili. Ni seli za 18650, aina ileile iliyomo kwenye betri nyingi za kompyuta mpakato, kila moja gramu karibu 48. Zinakaa kwenye kishikio na zinatolewa kwa mkono, hazikulehemiwa. Ukiwa na seti mbili, moja inachajiwa kwa sola kambini. Jumla ya mashine sasa ni kilo 1.8.

Sauti. Vijana wanataka hedifoni za Bluetooth, na nimezijaribu. Za kawaida zinachelewa karibu milisekunde 200. Koili ikipita kwa nusu mita kwa sekunde, sauti inakufikia ukiwa umeshasogea sentimita 10. Kwa kipande cha robo gramu, hizo ni sentimita za kutosha kuchimba pembeni na kukiacha. Kuna mifumo isiyo na waya yenye ucheleweshaji mdogo, lakini haiko kwenye maduka yetu. Nimebaki na waya, wa kusokota, unaoingia kwenye boksi la kiunoni. Vijana wakipata njia nyingine, niko tayari kusikiliza.

Agosti

Nimepokea maswali mengi kuhusu bei, kwa hiyo niseme ninavyoona. GPX 6000 ilipoingia sokoni ilikuwa karibu dola 6,000 za Marekani. Kwa mchimbaji mdogo hiyo ni ng'ombe wote wa ukoo. Ndiyo sababu bandia zimeenea Afrika: kwa nje zimefanana na za kweli, na ndani hakuna kinachofaa. Anayeuziwa bandia anapoteza msimu mzima kabla hajajua.

Na hata ya kweli ina tatizo ambalo wapenzi wa kazi hii dunia nzima wanalilalamikia: koili yenye chipu. Mashine inaiuliza koili utambulisho wake, na kama haikutoka kiwandani inakataa kufanya kazi. Koili ndiyo kitu kinachoburuzwa kwenye mawe kila siku. Kumnyima mtu haki ya kuitengeneza au kujizungushia nyingine ni kumfunga. Kwenye mashine hii koili yoyote yenye mikrohenri kati ya 250 na 350 itakubalika, na kuna rezista ya kurekebisha iliyoandikwa jina juu ya bodi.

Jambo moja zaidi linanifanya nisikate tamaa. Kipande kinachotolewa na detekta hakipiti kwenye zebaki. Kinatoka ardhini, kinaoshwa kwa maji, kinapimwa. Nimeona kina mama wakichoma zebaki jikoni, watoto wakiwa pembeni. Kila gramu inayopatikana kwa njia nyingine ni gramu ambayo haikuchomwa pale.

Hali ya sasa: bodi ya pili imechorwa upya ikiwa ndogo zaidi, na maandishi yote juu yake ni ya Kiswahili: ARDHI, MAPIGO, SAUTI, BETRI. Boksi bado linaingiza vumbi penye vitasa. Koili ya inchi 6 kwa ajili ya kupenya katikati ya visiki imezungushwa lakini haijatulizwa. Mzee ameomba mashine ikae kwake msimu wote wa kiangazi, atembee nayo kijana wake, na kila kitakachowasumbua wataniandikia. Nimekubali. Michoro ya koili na thamani za vipande vyote nitaiweka wazi mara koili ndogo itakapopimwa.